Dozi ya Mtu Mmoja

Ringwani, Serengeti
9 Februari 2025

Bibi yangu Gati,

Shikamoo. Mimi mjukuu wako Zablon ni mzima, Agustina mke wangu ni mzima, na mtoto wetu ameanza kutambaa. Anaingia mpaka uvunguni mwa kitanda, tunamtoa kwa kumvuta mguu. Kwa wakwe zangu kule Machochwe tembo waliingia shambani wakamaliza ekari nzima ya mahindi, na baba mkwe amewapigia debe kuwafukuza mpaka mikono imemvimba. Msalimie mdogo wangu Simon na mkewe Kezia. Nasikia tumbo la Kezia limekuwa kubwa, Mungu amfikishe salama.

Naandika badala ya kupiga kwa sababu simu ya hapo nyumbani anashika Simon, na Simon akiongea lazima aweke sauti ya nje, boma zima linasikia. Haya ninayotaka kusema ni yako peke yako.

Unakumbuka Krismasi nilipokuja nikapangusa usaha kwenye goti la Simon na kile kijiti chenye pamba? Ulinicheka, ukasema wasomi wa siku hizi wanaokota uchafu wanatia mfukoni. Ule uchafu niliupeleka maabara kubwa, maana hapa kituo cha afya ninapofanya kazi hatuna vifaa vya kuotesha vijidudu. Majibu yamerudi. Ni kijidudu kinachoitwa stafilokokasi. Chenyewe si kigeni, kinakaa kwenye ngozi za watu kikisubiri mahali pa kuingilia. Kigeni ni kwamba walikijaribu kwa dawa nane, na sita hazikukifanya kitu. Rangi mbili, vile vidonge vyako, imo katika hizo sita. Na oksitetra, ile unayowachoma ng'ombe, imo.

Usikasirike, Bibi. Vicent, huyu aliyekuletea barua, anapita Susuni kila akifuata ndizi. Ameniambia mwaka huu majipu yamezidi hapo kilimani na kila mwenye jipu anakuja kwako. Ameniambia unawachoma watu dawa ya ng'ombe. Nimekataa kumwamini mpaka nisikie kwako.

La mwisho. Mama Beatrice, mke wa mzee Werema, alipozikwa Novemba mlisema ni moyo. Je, alikuwa na jipu? Nijibu hilo, hata kama mengine yote hutajibu.

Mjukuu wako,
Zablon

———

Susuni, Tarime
16 Machi 2025

Mume wangu mdogo Zablon,

Marahaba. Vicent amekaa na barua yako kwenye jaketi wiki tatu, imefika inanuka petroli. Sisi tuko salama. Mvua imeanza, nimepanda mahindi na maharage. Ulezi nimeuacha, ndege wa mwaka jana walinidharau sana. Yule ng'ombe mweupe amezaa ndama jike. Msalimie mke mwenzangu Agustina, mwambie asipokutunza vizuri nakuja kumtoa hapo nikae mwenyewe. Na huyo mtoto acheni kumvuta mguu, mpigieni kijiko kwenye sufuria atatoka.

Sasa wewe. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisoma nimesimama kwa hasira.

Ulipojikata na panga mguuni, mura, kijana wangu, nani alifungua rangi mbili akamwaga unga wake kwenye kidonda? Si ni huo mguu unaotembelea kwenda huko maabara? Mimi nilifundishwa kushika sindano na bwana mifugo baba yako akiwa hajaoa. Kilima hiki chote hakuna ng'ombe aliyekufa mkononi mwangu kwa uzembe. Ndiyo, nawachoma watu. Mtu ana damu, ng'ombe ana damu, na homa ni ile ile. Sio kwamba sijui kupima, ng'ombe nampa mililita ishirini, mtu nampa mbili.

Tena mimi sio mchoyo. Pale senta duka la dawa siku hizi anakaa Kauthar, binti wa Muzamil. Anauza dozi ya vidonge ishirini na moja kwa mtu mmoja. Mtu mmoja! Na nyumba ya pili mtoto analia ana jipu kwapani. Mimi nikinunua dozi naigawa nyumba nne. Kila nyumba vidonge vitano, na kile kimoja kinachobaki nakifungua namwaga kwenye kidonda kilicho kikubwa kuliko vyote. Tukichinja hatuli peke yetu, na dawa ni hivyo hivyo. Ndivyo nilivyowalea na wewe ulikula humo humo.

Nyumbani kwangu hakuna mgonjwa. Goti la Simon limefunga, anachechemea kwa kujidekeza tu. Hiyo pamba yako usirudi nayo hapa.

Nakutumia samli chupa moja. Vicent asipoifikisha niambie.

Bibi yako,
Gati

———

Ringwani
30 Machi 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Samli imefika, imepungua vidole viwili, na Vicent anasema ni joto la njiani. Agustina amecheka sana salamu zako. Anasema uje tu, kuni ziko nyingi za kupasua. Mvua huku imekuja na mawe, lakini mihogo imesimama.

Bibi, wewe umenijibu kwa ukali na mimi nitakujibu kwa ukali, maana nimejifunza kwako.

Nyama ukiigawa nyumba nne, nyumba nne zinakula. Dawa ukiigawa nyumba nne, hakuna aliyetibiwa. Vidonge vitano vinaua vijidudu vile dhaifu. Jipu linapungua, mgonjwa anaamka, anakushukuru, anakuletea kuku. Vile vikaidi vinabaki ndani, na vinavyobaki ndivyo vinavyozaana. Mgonjwa akilala na mwenzake, akitumia taulo moja na mtoto wake, anawapa vikaidi vitupu. Wewe umefanya hivyo miaka mingapi? Na oksitetra ya ng'ombe, mbili kwa mtu, ni hivyo hivyo. Goti la Simon limefunga, sawa. Niulize mimi kilichomo ndani ya ngozi yake.

Sisemi ulikuwa na nia mbaya. Nasema umekosea, na nitaendelea kusema hata ukinichapa. Fimbo zako nazijua tangu darasa la pili.

Nakuomba jambo moja. Kezia akijifungua, usimchome, usimpe vidonge vya kugawana. Akitokewa hata na uvimbe mdogo kama kichwa cha kiberiti, apelekwe hospitali. Mzazi ana vidonda ambavyo macho hayavioni, na kichanga hana nguvu ya kushindana na kitu hiki.

Na umenijibu kila kitu isipokuwa nilichokuuliza. Nauliza tena habari ya Mama Beatrice.

Mjukuu wako mkaidi,
Zablon

———

Susuni
11 Mei 2025

Mume wangu,

Marahaba. Tuna mgeni. Kezia alijifungua tarehe kumi na tisa Aprili, mtoto wa kike, na wameamua kumwita Gati. Sikuomba. Walitazama alivyokunja uso wakasema huyu hahitaji jina lingine. Simon amekaa naye siku tisa, halafu akaenda machimboni kutafuta riziki, simu ameondoka nayo. Kwa hiyo tumebaki wanawake watatu, na mkubwa kwa kelele ni huyo wa wiki tatu.

Nilikwenda kwa Kauthar kununua rangi mbili. Nikamwambia nipe tano. Yule binti, ambaye nilimchoma mimi sindano ya malaria akiwa hana meno, akaniambia, "Mama Gati, sikukatii. Dozi nzima au hakuna. Na hata hiyo nzima nataka nione cheti cha daktari."

Nikamwambia, "Cheti? Mimi ndiye nilimwonyesha baba yako kiwanja cha duka hili."

Akasema, "Ndiyo maana nakuambia kwa heshima." Akafunga kabati mbele ya watu, akaendelea kuhesabu pamba zake. Nimejua tu ni wewe umemfundisha, maana ana maneno yako yale yale. Nikaenda maduka ya Sirari, mpakani, wale hawaulizi.

Vidonge ni vya Kezia. Maziwa yamemjaa upande mmoja, titi limekuwa gumu na lina joto. Nimemkanda kwa maji ya moto, nimempa viwili asubuhi na viwili jioni, yatashuka. Mtoto ana malengelenge matatu manne hivi tumboni. Ni joto, nguo za huyu mama yake ni nzito. Usianze.

Na unaniuliza tena Beatrice. Beatrice alikuwa rafiki yangu miaka hamsini na mitano. Tuliolewa kilima hiki mwaka mmoja, tulichota maji njia moja. Sitamfukua kwenye karatasi ili wewe upate kujua kama ulikuwa na haki.

Gati

———

Ringwani
18 Mei 2025

Bibi,

Shikamoo. Wote wazima. Mpe mtoto salamu zetu, jina limempata mwenyewe.

Vicent amenipa barua yako leo, anasema titi la Kezia bado halijashuka, na anarudi Susuni kesho na hii. Titi gumu lenye joto lisiloshuka wiki nzima si maziwa tena. Malengelenge kwa mtoto wa mwezi mmoja si joto. Kezia anaweza kufa na mtoto anaweza kumtangulia, nakuandikia wazi ili usiseme sikukuambia.

Usimpe kidonge kingine hata kimoja. Usimchome. Apande pikipiki ya Vicent aende hospitali na mtoto wake, wewe ukae nyuma kama unataka. Ukitaka kunilaani nilaani, sawa, lakini usimshike mkono.

Zablon

———

Susuni
2 Juni 2025

Zablon,

Leo salamu sina.

Vicent alifika saa nne asubuhi na barua yako mkononi, safari hii hakuitia jaketini. Nilikuwa nimeketi uani na Kezia, nimeshachemsha sindano, nimeshavuta dawa. Watu watatu wenye majipu yao walikuwa kwenye benchi wanangoja zamu. Nikaisoma barua, nikaikunja, nikamwambia Vicent anywe uji aende zake.

Kezia hajawahi kuniinulia sauti tangu aolewe hapa. Akasimama. Alikuwa anatetemeka kwa homa mpaka khanga inamdondoka. Akasema, "Bibi, hapana."

Nikamwambia, "Kaa chini mwanangu, ni moja tu."

Akasema, "Mama Beatrice naye ulimwambia ni moja tu." Akamfunga mtoto mgongoni akapanda ile pikipiki. Vicent hata uji hakumaliza.

Nimebaki nimesimama uani kwangu na sindano imejaa, watu watatu wananitazama. Mmoja akasema kumbe amesahau mbuzi. Wa pili akamfuata. Tangu siku hiyo wanapita langoni kwangu wametazama upande wa pili. Miaka thelathini nimeshika vidonda vya kilima hiki kwa mikono yangu, vidonda ambavyo wake zao wenyewe waliviogopa, nikaosha, nikafunga, sikumwambia mtu. Leo umenivunjia jina kwa karatasi moja. Najua ni wewe. Vicent hana akili ya kuja saa nne asubuhi bila kutumwa.

Usiniandikie tena.

Mtoto alikuwa hanyonyi tangu siku iliyotangulia. Niambie kama ananyonya.

———

Ringwani
22 Juni 2025

Bibi,

Ananyonya.

Shikamoo. Kezia alipasuliwa titi siku ile ile alipofika. Daktari anasema usaha ulijaa bakuli, na angechelewa siku mbili damu yote ingekuwa imeharibika. Walimpa dawa ya mshipa siku kumi, ile ghali ambayo haigawanywi, na mtoto siku saba. Wote wametoka, wako kwa mama yake Kezia. Kovu litabaki. Upande mmoja hautatoa maziwa, lakini mtoto unamtosha ule mwingine na anaulilia kwa sauti yako.

Ndiyo, ni mimi. Nilimpigia Vicent, nikamwambia asiondoke hapo bila Kezia hata ukimrushia mawe. Nililia baada ya kukata simu, lakini ningefanya tena. Barua yako ya mwisho imeniuma, nami ningali mjukuu wako, kwa hiyo naandika.

Majibu ya Kezia ni kijidudu kile kile cha goti la Simon, dawa sita zile zile zimeshindwa. Nilimuuliza Kezia nyumba zenye majipu hapo kilimani akanitajia kumi na moja. Halafu nikamuuliza nyumba ulizopita na sindano au kidonge tangu mwaka jana. Akahesabu kwa vidole, akahesabu tena. Ni kumi na moja. Ni zile zile.

Kijidudu hiki kina tabia moja mbaya. Kinaweza kukaa puani mwa mtu miaka bila kumuuma. Mwenye pua yuko mzima, analima, anakamua, anacheka na watu. Akijipangusa pua kisha akashika kidonda cha mwingine, amekiacha humo. Anayeshika vidonda vingi kuliko wote hapo kilimani ni wewe.

Naomba pua yako ipimwe, Bibi. Ni pamba tu na dakika moja. Ukikutwa nacho kuna dawa ya kupaka na sabuni ya kuogea. Sijamwambia mtu mwingine jambo hili, wala Agustina hajui.

Zablon

———

Ringwani
10 Agosti 2025

Bibi yangu,

Shikamoo. Sisi ni wazima, mtoto anasimama kwa kushika kiti. Simon amerudi kutoka machimboni mikono mitupu, ameenda moja kwa moja kwa wakwe zake kumwona mkewe.

Wiki saba hujanijibu. Vicent anasema uliipokea barua, ukamwambia asubiri, ukaingia ndani, ukakaa mpaka kuku wakaanza kuingia bandani, ukatoka ukasema hakuna jibu.

Kezia anataka kurudi Susuni kuvuna. Ni mimi nimemzuia. Nimemwambia hatalala chini ya paa lako na kile kichanga mpaka pua yako ipimwe, na Simon amekubaliana na mimi ingawa hakuniangalia usoni. Kama unaona nimekosa adabu, ni kweli, nimekosa. Ukimtaka Gati mdogo, hospitali unajua ilipo.

Zablon

———

Susuni
14 Septemba 2025

Mume wangu mdogo Zablon,

Marahaba, na za siku nyingi. Mahindi tumevuna, nimesaidiwa na watoto wa kanisani na wamekula zaidi ya walivyobeba. Ndama wa yule mweupe amekua, ana kiburi. Mke mwenzangu Agustina mwambie hizo kuni azipasue mwenyewe kwanza, mimi nina shughuli.

Nilikwenda.

Barua yako ya Agosti iliponifikia nilikaa nayo siku nne. Siku ya tano nilivaa gauni la harusi za watu, nikapanda gari mpaka hospitali. Kwenye dirisha la maabara alikaa kijana mmoja amevaa miwani, akaniuliza, "Mama, umeleta nini, mkojo au choo?"

Nikamwambia, "Nimeleta pua."

Akacheka. Mimi sikucheka, akaacha. Akaniingiza pamba yake, nikatokwa na machozi, nikamwambia hata ng'ombe huwa nawapa pole kabla. Nikarudi baada ya siku sita kuchukua majibu.

Ninacho, Zablon. Kile kile. Niliomba karatasi nikaisoma mwenyewe.

Nitakuambia ukweli, nilitoka pale nikakaa kwenye ngazi za hospitali nikaona aibu kubwa mpaka nikatamani gari linigonge. Halafu nikakasirika. Nikasema mimi Gati sitaingia kwangu kwa kunyata kama mwizi wa kuku. Kama nimebeba kitu nitasema nimebeba. Nikapaka ile dawa puani siku tano, nikaogea ile sabuni inayonuka kama lami. Sindano zangu zote na mabomba yake nimewapelekea watu wa hospitali wenyewe wakatia kwenye boksi lao la njano. Chupa ya oksitetra nimebaki nayo, na imebaki ya ng'ombe.

Kisha nikaanza kupita nyumba, zile kumi na moja. Sikumtuma mtu wala sikungoja watangaziwe kanisani. Kila nyumba nilisimama mlangoni nikasema, "Majipu yenu yametokana na mkono wangu. Sindano yangu haikuwa inatibu, na dawa niliyowagawia ilikuwa nusu dawa. Nendeni hospitali, msimnunulie mtu dozi ya kugawana, wala msitumie taulo moja." Nyumba ya kwanza walinipa kiti. Ya pili walinipa kiti bila maji. Ya tano walifunga mlango, nikaenda nikasemea dirishani. Ya nane mwanamke alinimwagia maji ya vyombo, nikamwambia asante nimeshaoga, lakini mtoto wako mpeleke. Amempeleka.

Ya kumi na moja ni kwa Werema. Niliiacha mwisho kwa sababu niliiogopa.

Umeniuliza mara mbili na sikukujibu. Ndiyo. Beatrice alikuwa na jipu mgongoni, kubwa kama parachichi. Nilimpa vitano vyake, nikamfungulia na kile cha ishirini na moja, maana alikuwa rafiki yangu nikampendelea. Akapata nafuu siku mbili. Homa iliporudi aliniambia, "Gati, nipeleke hospitali." Nikamwambia tungoje Alhamisi, siku ya gari, nikamchoma moja. Alikufa Jumatano. Niliyesema ni moyo ni mimi, na watu waliamini kwa sababu ni mimi niliyesema. Nimeishi na hilo tangu Novemba, na kila ulipouliza nilikuchukia.

Nilimkuta Werema amekaa mlangoni kwake. Nikamwambia yote, sikupunguza. Nilikuwa nimejiandaa kwa fimbo, na ningeipokea.

Akasema, "Nilijua. Mimi ndiye nilimgeuza akifa, ningeachaje kujua? Nilikuwa nangoja wewe useme. Mbona umekawia hivi, Gati?"

Nililia pale mbele yake, mimi ambaye hata mazishini sikulia.

Aliponiona nimenyamaza akafunua shuka yake akanionyesha paja. Lina jipu, limeiva mpaka ngozi inang'aa. Amekaa nalo tangu mavuno akiliwekea majani. Nikamuuliza kwa nini hakwenda hospitali. Akasema, "Kwako sikutaka kuja. Na hospitali sijawahi kuingia, sijui hata mlango wa kuanzia." Nikamwambia, "Milango yote naijua sasa, hata pa kuleta pua." Kesho yake tulikwenda naye, nikamshikia fimbo wakati wanampasua. Amelazwa, dawa inaingia kwa mshipa, anagombana na manesi, kwa hiyo atapona.

Pua yangu wameipima tena, na majibu nimechukua juzi. Imetoka safi, karatasi naiambatanisha hapa, uisome na hiyo elimu yako kisha umwonyeshe Kezia. Mwambie simwiti. Aje siku atakayotaka mwenyewe, na akija na akinikataza kumshika mtoto sitamshika. Mwambie pia kwamba siku ile uani yeye ndiye alikuwa mwenye akili peke yake, na hilo nimelisema mbele ya watu wale watatu wa benchi.

Na Kauthar nimepita kwake. Nimemwambia akimkatia mtu yeyote vidonge vitano nitamvunjia lile kabati. Akanipa soda.

Sasa kuna maneno. Wapo wanaosema nimeua. Wapo wanaosema nimeuza siri ya kilima kwa watu wa hospitali. Wazee wametuma mtu, wananiita kwenye kikao Alhamisi hii nijieleze. Nimewarudishia jibu kwamba Alhamisi nina watu saba wa kuwapeleka hospitali, na wawili kati yao ni wazee wa hicho hicho kikao, maana wana majipu mahali pa kukalia, siku hizi wanaendesha vikao wamesimama. Nimesema sikimbii. Aliye na neno la kunitukana aje stendi saa kumi na mbili asubuhi na kidonda chake, anitukane vizuri tukiwa kwenye foleni.

Bibi yako,
Gati